Kuleni Kabla ya Kunipa Damu

Tangu nirudi, kila anayenipata sokoni Kanyangi huniuliza swali lilelile: "Mama Mutua, ilikuwaje huko?" Na kabla sijafungua mdomo anajijibu mwenyewe: "Lakini Mungu ni mwema." Ndiyo, Mungu ni mwema, hilo sina ubishi nalo. Sasa nyamazeni kidogo niwaambie ilikuwaje.

Nawaandikia kwa sababu nimechoka kusimulia nusunusu kwenye foleni ya maji. Naandika pia kwa sababu ya Mwikali, yule fundi wetu wa cherehani. Mwezi uliopita daktari alimwambia yaleyale niliyoambiwa mimi: mlango mmoja wa moyo wake umekakamaa, haufunguki wala haufungiki sawasawa, na hakuna njia ila kupasuliwa awekewe mwingine. Mwikali ana watoto watatu na hofu ambayo naijua ladha yake. Mwikali, soma hadi mwisho. Mambo ya bima na makaratasi nayaruka, hayo utapambana nayo dirishani kama tulivyopambana sote.

Kanyangi hadi mtoni

Niwakumbushe nilivyokuwa. Kutoka nyumbani hadi kisimani, njia ambayo zamani niliipita nikiimba, nilikuwa napumzika mara nne. Nilikuwa nalala nimeketi. Miguu ilivimba mpaka viatu vya Jumapili vikanikataa. Daktari alisema jambo hili lilianza nikiwa msichana mdogo, koo likaniuma, viungo vikaniuma, mama akanikanda kwa maji ya moto na yakaisha. Kumbe hayakuisha, yalikuwa yanautafuna moyo polepole miaka yote hiyo.

Hospitali kubwa ya Nairobi ilinipa siku ya upasuaji, Ijumaa, na masharti mawili. Kwanza, meno yangu yakaguliwe. Pili, siku mbili kabla ya kupasuliwa niwe nimeleta watu sita wa kutoa damu. Daktari alinitazama machoni akasema moyo umeshapanuka, tarehe hii nisiipoteze.

Hapo ndipo nilipojiharibia mwenyewe. Mnajua mimi ni mwenyekiti wa akina mama kanisani kwetu. Jumapili moja nilisimama mbele ya kanisa nikasema, na maneno haya nayakumbuka moja moja kwa sababu yananichoma hadi leo: "Damu itakayoingia mwilini mwangu sitaki itoke kwa mtu yeyote tu. Nataka damu ya watu wa maombi. Watakaokuja Nairobi wafunge siku tatu kavu, bila hata maji, ndipo waje." Akina mama wakaitikia amina. Shemasi Rael, rafiki yangu tangu tuolewe hapa, akawa wa kwanza kuinua mkono. Walijitokeza kumi na wawili, mara mbili ya waliotakiwa. Tulilia wote, nami nililia zaidi, nikijiona mtakatifu.

Mwanangu Mutua, anayefundisha shule ya msingi kule Wote, alikuwa amekuja kunichukua. Akanivuta kando ya ukuta wa kanisa. "Mama, mtu wa kutoa damu nasikia lazima awe amekula."

"Wewe umesoma chaki," nikamwambia. "Mimi nimesoma Biblia."

Ni mtoto mwenye adabu, na siku hiyo natamani angekosa adabu.

Tuliondoka Jumatano kwa pikapu ya jirani aliyekuwa anakwenda Tawa kuchukua maembe, kreti tupu zikigongana nyuma. Hatukufika mbali. Ule mto wa mchanga kabla ya kufika Athi, ambao mwaka mzima tunaufukua kwa mikono kutafuta maji, siku hiyo ulikuwa umeshuka na matope na magogo mazima. Tulikaa pale kuanzia asubuhi hadi jua likaanza kuinama. Mzee mmoja wa mbuzi akaja kutukodolea macho, akauliza nakwenda wapi na uso uliovimba hivyo.

"Kupasuliwa moyo," Mutua akamjibu.

"Woi! Na hiyo moyo wakitoa, wanaweka wapi wakifanya kazi?"

"Pengine kwa sahani," mzee akajijibu, akaenda zake na mbuzi wake. Aliniacha na sahani hiyo kichwani kwa majuma matatu. Mwikali, wewe usiibebe. Moyo hautolewi. Unabaki kifuani mwako, wanausimamisha tu, mashine inasukuma damu badala yake wakati fundi anashona. Wewe ni fundi, hiyo utaielewa kuliko mimi.

Tawa, mahali nilipoapa sitaketi

Maji yaliposhuka tukavuka, tukafika Tawa alasiri, magari ya Wote yakiwa yameshaondoka ila moja lililokuwa linangojea abiria. Jua lilikuwa bado kali. Mutua akasema kuna mahali pamoja tu pa kukaa kivulini, na akasema huku akitazama viatu vyake. "Kwa mama mdogo."

Wale msiojua, mama mdogo ni Syombua. Baba Mutua, Mungu amrehemu, alimwoa Syombua miaka kumi na tisa iliyopita bila kuniambia, nami nikaambiwa na mwuza nyanya. Alimjengea Tawa. Alipokufa, tulikaa pande mbili za kaburi. Syombua ana hoteli ya mabati sokoni, anapika chai, chapati na muthokoi wa mahindi na maharagwe, na wapakiaji wote wa maembe hula kwake. Kanisani hapewi meza ya Bwana kwa sababu aliingia kwenye nyumba yenye mke. Kikao kilichoamua hivyo, mimi nilikuwemo, na niliinua mkono wangu juu kabisa.

Alipotuona aliacha upawa ndani ya sufuria. "Mama Mutua, karibu. Kaa hapa kwa kivuli."

Nikakaa, maana miguu haikuwa na njia nyingine. Akaleta sahani mbili za muthokoi na mchuzi wa nyama. Tangu chai ya asubuhi sikuwa nimetia kitu tumboni.

"Nimeshiba," nikasema.

Tumbo langu likanguruma papo hapo, kwa sauti, mbele ya wapakiaji wa maembe. Mmoja alikohoa kuficha kicheko. Syombua hakucheka. Alichukua sahani nyingine, akaifunika ile yangu, akaiacha mbele yangu. Nilikaa na ile sahani saa nzima, harufu ikinifikia. Mwisho Mutua alikula zote mbili.

Mutua alikuwa amemweleza habari za damu. Nilipoinuka kwenda garini, Syombua akaja akijifuta mikono. "Nimesikia wanataka watu sita. Mimi niko na damu. Na hawa watu wangu wa maembe, wewe waangalie tu, wako na damu ya fahali."

"Watu wamepatikana," nikamwambia. "Watu wa kanisa."

"Sawa," akasema, akarudi kufuta meza.

Wote na magego mawili

Kliniki ya meno niliyopelekwa pale Wote ilikuwa na daktari msichana, mikono yake midogo kama ya mtoto wa shule. "Shosho, fungua mdomo."

"Binti, ugonjwa wangu hauko huko. Uko kifuani."

"Najua. Fungua tu."

Nilimkasirikia. Moyo unaniua, nao wananihesabia meno! Lakini yule binti alikuwa na subira. Alinieleza kwamba jino bovu lina wadudu, wadudu wanaingia kwenye damu, na wakikuta mlango mpya kwenye moyo wanakaa hapo wanajenga kwao. Nilikuwa na magego mawili yaliyooza chini ya fizi bila kuuma. Akayang'oa. Nilikaa nyumbani kwa Mutua hadi Jumatatu nikinywa uji wa wimbi uliopoa. Mwikali, nenda sasa, wiki hii. Usingoje tarehe ikaribie ndipo uanze kutafuta daktari wa meno, fizi zinataka muda wa kupona.

Jumapili jioni Rael akanipigia simu. "Mama Mutua, tumeanza. Hata mate hatumezi!"

Nilifurahi. Nimesema nitawaambia ukweli: nilifurahi sana, nikamwambia asimruhusu mtu yeyote alegeze.

Nairobi, Jumatano ya damu

Jumatatu nikalazwa. Kwenye kitanda cha jirani alikuwa mama mmoja wa Emali, anauza vitunguu kando ya barabara ya Mombasa, watu wa kwao asili ni Murang'a. Alikuwa ameshapasuliwa na sasa anajifunza kutembea kwenye ukumbi akishika ukuta. Jina lake la wadi lilikuwa Mama Wanjiru. Ulimi wake ni wembe, nikampenda mara moja.

Jumatano asubuhi wakaja. Walikuwa wamekodi basi dogo, wametoka Kanyangi gizani. Wote kumi na wawili wamevaa vitambaa vya bluu vya akina mama, midomo imepasuka, macho yameingia ndani. Waliimba kwa sauti ya chini kando ya kitanda changu. Mama Wanjiru alinyanyua kichwa. "Hawa wametoka msibani?"

"Ni wangu," nikasema. Nilijivuna kweli.

Tukashuka chumba cha damu, Mutua akinisukuma kwenye kiti cha magurudumu. Sista wa pale alikuwa na karatasi ya maswali. Akaanza na Rael.

"Umekula nini leo?"

"Hakuna, sista."

"Jana?"

"Hakuna. Tumefunga. Tangu Jumapili jioni, hata maji."

Rael alisema hivyo kifua mbele, kama mtu anayepokea cheti. Sista akaweka kalamu mezani. "Wewe peke yako?"

"Sisi wote kumi na wawili."

"Ni nani aliwaambia mfanye hivi?"

Vitambaa kumi na viwili vya bluu vikageuka kunitazama mimi.

Sitaki kuyaeleza yote yaliyofuata. Sista hakupiga kelele, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Alisema mtu mwenye njaa na kiu akitolewa damu anaanguka, naye hawezi kumponya mtu mmoja kwa kumlaza mwingine. Rael akasema yeye ana nguvu ya Bwana, akasimama haraka kumwonyesha. Akaenda chini mzimamzima, kitambaa kikamtoka kichwani. Walimnywesha maji ya sukari akiwa sakafuni.

"Waende wakale, wanywe maji mengi, walale," sista akasema. "Warudi kesho kutwa, wale walio na nguvu."

Kesho kutwa ndiyo ilikuwa Ijumaa yangu. Halafu basi lilikuwa la kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Kulikuwa na ng'ombe wa kukamuliwa, watoto wa kulishwa, kila mmoja na lake. Walinishika mkono mmoja mmoja wakiniambia nisiogope. Mutua aliwasindikiza, akarudi akaniambia kwamba pale nje ya geti walikula chapati na maharagwe na kunywa soda, kisha wakapanda basi. Siwalaumu kwa kula. Nawalaumu kwamba hakuna hata mmoja aliyebaki, na mnaosoma haya mmo ndani.

Kabla sijarudishwa wadini nilimwuliza sista kama ninaweza kuchagua damu itakayoingia kwangu. Bado nilikuwa na upumbavu huo. Akanijibu polepole. "Mama, damu ya watu wako inaingia kwenye akiba. Si lazima hata ifanane na yako. Wewe utapewa inayokubaliana nawe. Inaweza kuwa ya askofu, inaweza kuwa ya kondakta wa basi. Kwa mfuko hakuna dini."

Ijumaa wakampeleka mwanamke mwingine mahali pangu. Niliona kitanda chake kikisukumwa mbele ya mlango, naye akanipungia mkono bila kujua.

Siku kumi na moja

Maji yalianza kujaa kwenye mapafu. Waliniwekea mpira wa hewa puani, na nikizungumza maneno matatu nahema kama nimepanda kilima cha Mbooni. Daktari alipita kila asubuhi, na kila asubuhi alisema kitu kimoja: damu ikipatikana. Nilikuwa naogopa. Siku ya tano nilimwambia Mutua mahali nilipoficha nguo nilizotaka nizikwe nazo.

Rael akapiga simu. "Usikate tamaa! Tumekaa kikao, tukaona siku tatu zilikuwa chache. Sasa tunafunga saba."

"Rael," nikamwambia, "kuleni. Kuleni, mje."

"Mama Mutua, mbona imani yako imepungua hivi?"

Nilikata simu. Mama Wanjiru, aliyesikia yote, alicheka mpaka akajishika kifua kwa maumivu. "Hao wako watakuombea mpaka ufe vizuri," akasema. Kisha akanihurumia, akaanza kunifundisha, na mafunzo yake yalinisaidia kuliko kitu chochote nilichosomewa.

Mwikali, haya ni ya Mama Wanjiru. Beba mto mdogo mgumu, kwa sababu ukitaka kukohoa baada ya kupasuliwa utaukumbatia kwa nguvu juu ya kifua, na lazima ukohoe hata kama unalia. Beba magauni ya kufunguka mbele, hutainua mikono kichwani kwa muda mrefu. Utakapoamka utakuta mpira kooni na mikono imefungwa kando, na hutaweza kusema neno. Mimi angalau niliambiwa. Usishindane nao, mashine inakupumulia tu, wataitoa. Utalia siku ya tatu au ya nne bila sababu, na si kwamba unakufa, kila mtu hulia. Na usimkubalie mtu yeyote akufiche kitu: uliza, uliza tena, andika.

Siku ya kumi, jioni saa ya kuona wagonjwa, aliyeingia mlangoni alikuwa Syombua. Amevaa sweta la hotelini, pamba imebandikwa kwenye kiwiko.

Mutua alikuwa amempigia simu bila kuniambia. Alimweleza kila kitu sista alichosema: wale, wanywe maji, walale, wasiwe kwenye dawa. Syombua akafunga hoteli. Akaja na wapakiaji sita wa maembe juu ya lori lililokuwa linaleta mzigo Nairobi, wakalala kwa jamaa yake mmoja mtaani, na asubuhi akawapikia. Sista wa chini alipouliza lile swali lake la wamekula nini, Syombua ndiye aliyejibu kwa niaba ya wote: "Chai ya maziwa, mayai, maini na mkate. Na maji, kila mtu chupa nzima. Nimewasimamia mimi." Mmoja alirudishwa kwa sababu alikuwa anameza dawa za malaria. Walibaki watano, na yeye mwenyewe akawa wa sita.

"Mama Mutua," akasema.

"Syombua."

"Tumetoa."

"Nimesikia."

Hayo ndiyo niliyopata kumwambia mtu aliyenipa uhai. Nimesikia! Alikuwa na chupa ya supu ya mifupa, akaifungua, harufu ikajaa wadi nzima. Lakini daktari alikuwa ameshapita. Damu imepatikana, kesho ninaingia, na kibao kilikuwa kimetundikwa kitandani kwamba nisipewe chakula chochote. Kwa hiyo sasa mimi ndiye niliyefunga. Tulikitazama kile kibao sote wawili. Syombua akammiminia Mama Wanjiru, naye akanywa kikombe kizima akilamba midomo, mbaya huyo.

Kesho yake walinipasua. Sina la kusimulia hapo, nilihesabu vidole vyangu hadi saba nikapotea. Niliamka na mpira kooni kama nilivyoambiwa. Na jambo la kwanza nililosikia ni saa, tik tik tik, nikatafuta ukutani kwa macho. Ilikuwa ndani yangu. Mlango wa chuma unalia hivyo kila unapojifunga. Utauchukia mwezi wa kwanza, Mwikali, halafu siku moja utanyamaza chumbani ili tu uhakikishe bado unalia.

Kurudi, na ile siku ya shukrani

Nilirudi Kanyangi nikiwa nimekatazwa kuinua hata mtungi mdogo wa maji kwa miezi mitatu. Mfupa wa kifua umefungwa kwa nyaya na unaunga polepole. Kuna dawa ya kuzuia damu kuganda, naimeza kila siku saa ileile, nitaimeza hadi nife, na kila mara wananipima kujua kama imezidi au imepungua. Sukuma wiki na majani ya kunde kula, lakini usile sufuria nzima leo na kesho jani moja, dawa inachanganyikiwa. Na yule mama wa mizizi pale sokoni, mwamkie upite.

Kanisa likafanya ibada ya shukrani. Wengi wenu mlikuwepo. Rael alishika kipaza sauti akashuhudia: "Tulifunga siku tatu adui akapinga, tukafunga saba, na Mungu akatenda!" Makofi. Mchungaji akasema wale waliokwenda Nairobi kwa ajili ya damu wasimame waonekane. Wakasimama kumi na wawili, na vitambaa vyao vya bluu. Wakapigiwa vigelegele.

Syombua alikuwa benchi la mwisho karibu na mlango. Alikuwa ametoka Tawa asubuhi, kiondo kikiwa magotini. Hakusimama.

Kisha nikapewa kipaza sauti mimi. Kanisa likanyamaza, nikasikia tik tik tik yangu. Nilimwona Rael akitabasamu, rafiki yangu wa miaka yote. Nikasema: "Nawashukuru nyote." Nikaketi.

Nyote! Nilikuwa nimepasuliwa kifua kwa msumeno nikavumilia, lakini kusema jina moja mbele ya akina mama wangu kulinishinda. Tulipotoka kusalimiana mlangoni, benchi la mwisho lilikuwa tupu.

Jumapili iliyopita

Jumapili iliyopita Mwikali alisimama akatangaza kwamba amepewa tarehe. Mnajua kilichofuata, ila waliokuwa sokoni hawajui. Rael akainuka: siku tatu kavu, wanaojitolea wainue mikono. Nami nikainuka.

"Mwikali hafungiwi," nikasema.

"Mama Mutua," Rael akasema, na sauti yake haikuwa ya ugomvi, ilikuwa ya mtu aliyeumia, "si wewe mwenyewe ulitufundisha?"

"Ni mimi. Nilikosea, na nusura niende na kosa langu. Wale mliowapigia makofi hawakutoa hata tone. Damu iliyonitoa pale ililetwa na Syombua wa Tawa, yule tunayemnyima meza ya Bwana, na wapakiaji wa maembe waliokula maini. Ombeni, mimi mwenyewe nitaomba. Lakini anayekwenda kutoa damu atakula mbele ya macho yangu."

Hakuna aliyesema amina. Rael hanisalimii tangu siku hiyo, na wengine wenu mnapita upande wa pili wa barabara. Sawa. Nimewahi kupita upande huo mimi miaka kumi na tisa, naujua.

Mimi siwezi kukutolea damu, Mwikali, dawa ninazomeza haziruhusu. Nilichoweza kufanya ni kwenda Tawa Jumanne. Nilimkuta Syombua akichambua kunde. Nikamweleza kwamba gari la watu wako wa kutoa damu litapita kwake siku moja kabla, wale jioni, walale, wale tena asubuhi. Nilimwomba. Mdomo wangu ulikuwa mkavu kuliko wa Rael siku ile.

Alisikiliza hadi mwisho bila kuacha kuchambua. Kisha akainuka, akaenda jikoni, akarudi na sahani iliyofunikwa na sahani nyingine, akaiweka mbele yangu.

"Siku ile ulisema umeshiba," akasema.

"Nilikudanganya," nikamwambia, nikafunua. "Nilikuwa na njaa sana."